Maji ya Kuoshea Miguu

Niliondoka Lumakanda asubuhi moja nikiwa na jembe begani. Nilikuwa nimetumwa kupalilia mahindi kwenye shamba jipya la baba, ekari zilizokuwa za Mzungu na sasa zilikuwa zetu, na mistari yake ilikuwa mirefu hivi kwamba ukisimama mwanzo wake huoni mwisho. Nilipofika barabarani nikakuta lori la magunia limesimama, dereva anabadilisha gurudumu. Nikamsaidia kukaza nati. Akaniuliza ninaenda wapi. Nikamwuliza yeye anaenda wapi.

"Kakamega."

"Basi na mimi," nikasema.

Nikaliegemeza jembe kwenye ua wa jirani, mahali ambapo mtu angeliona na kulipeleka nyumbani, nikapanda juu ya magunia.

Sina maelezo mengine ya safari ile. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano bila ugomvi na mtu. Mwalimu alituambia mito mikubwa huanzia kwenye vijito vidogo, nikatoka kwenda kutazama kijito chetu kinaanzia wapi, sikurudi. Baada ya hapo nilikaa na fundi baiskeli, halafu na wachoma matofali, halafu na mnunuzi wa ngozi. Kila kazi niliiacha nilipoielewa. Mama alikuwa akisema mimi ni mtu wa kuonja vyungu vya watu, na kwa kweli sikuwa nimewahi kupika changu nikakiivisha.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Katika mji wa Kakamega ofisi zilikuwa zikibadilisha watu, na kila wiki kulikuwa na Mzungu anayefunga mizigo. Mimi niliajiriwa na bwana misitu mmoja, mzee mwembamba mwenye masharubu ya kahawia, nimsaidie kupigilia misumari masanduku yake. Barazani kwake kulikuwa na tangi la kioo, na ndani ya tangi samaki kumi na mmoja. Kila mmoja alikuwa na urefu wa pingili moja ya kidole, ubavu wa fedha, na mstari mwekundu mwembamba kama uzi wa kushonea kutoka jichoni hadi mkiani. Siku ya kwanza sikupigilia msumari hata mmoja.

"Wewe napenda hii?" akaniuliza kwa Kiswahili chake.

"Wanaliwa?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Hapana kula. Naangalia tu. Hii samaki ya msitu, msitu mbali sana, ng'ambo ya bahari. Mimi najaribu miaka tatu ipate toto. Hapana zaa. Kitabu nasoma, dawa natia, hapana zaa."

Tangi alikuwa ameshaliuza. Samaki hawakuwa na mnunuzi. Siku ya kuondoka alinipa kwenye karai la bati, akanifundisha kutambua majike kwa tumbo la mviringo, akanishika mkono, akaenda zake. Mwaka ule kila mtu alikuwa akirithi kitu kutoka kwa Wazungu. Baba yangu alirithi mahindi, wengine walirithi viti vya kuzunguka na mihuri. Mimi nilirithi samaki kumi na mmoja wasiozaa, na nilitembea nao katikati ya mji nikiinua karai juu kama mtu aliyebeba mtoto wa kubatizwa.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa bibi mmoja ukingoni mwa mji, barabara ya kuelekea msituni. Tulimwita Kukhu, yaani nyanya, kama anavyoitwa kila mwanamke wa umri wake upande ule. Mwanawe aliyefanya kazi Nairobi alikuwa amemjengea nyumba ya mabati, mabati mapya yaliyong'aa hata ukayaona kutoka kilima cha pili. Nyuma ya nyumba hiyo lilibaki jiko lake la zamani, la udongo na paa la nyasi, na mwana alikuwa ameandika mara mbili kwamba akija Krismasi alikute limebomolewa, maana lilimtia aibu. Katika chumba kilichopakana na changu alikaa karani wa ofisi ya mkoa, kijana mwenye tai na baiskeli.

Kukhu aliniangalia nikitua karai.

"Umeleta kitoweo ama umeleta kesi?"

"Ni wa kuangaliwa tu, Kukhu."

"Kuangaliwa," akasema, akainama. Akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Wametoka wapi?"

"Ng'ambo."

"Hao ni wageni, basi."

Pale nyumbani kulikuwa na maji ya aina tatu. Maji ya kisima yalikuwa ya kufulia. Maji ya mvua kutoka kwenye mabati yaliingia kwa mfereji wa bati hadi kwenye pipa lenye mfuniko, na juu ya mfuniko jiwe. Hayo yalikuwa ya chai, ya kunywa, na ya wageni. Aina ya tatu ilidondoka kutoka paa la nyasi la jiko la zamani ikaingia kwenye chungu kilichovunjika mdomo. Yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Tuliyatumia kuoshea miguu tukitoka shambani, na kuoshea majembe. Bata nao waliyanywa.

Kukhu alilitoa jiwe juu ya pipa kwa mkono wake mwenyewe. "Mgeni wa kutoka mbali hapewangi maji ya miguu," akasema, akanichotea.

Nilinunua chupa tatu kubwa za kioo kutoka dukani kwa Mhindi, zile za kuwekea peremende, nikaziosha mpaka harufu ya sukari ikaisha, nikawagawa samaki humo. Kwa chakula, nilikwenda kila siku kwenye madimbwi nyuma ya karakana ya magari nikavua viluwiluwi wa mbu kwa kitambaa. Samaki waliwarukia kama watoto kwenye mandazi. Na kwa kuwa niliwapenda, niliwabadilishia maji mara kwa mara, maji safi ya pipa, yanayoonekana mpaka chini. Kila nilipobadilisha, kesho yake mmoja alielea.

Nikadhani ni baridi, kwa kuwa asubuhi za Kakamega hukung'ata. Nikahamishia chupa kwenye jiko la zamani, kwenye rafu ya udongo karibu na mafiga, nikazifunika kwa kanga kuukuu ili moshi usiingie. Vifo vilipungua, nami nikajipongeza kwa kuigundua sababu. Kumbe nilikuwa nimepunguza tu kuchota, kwa sababu kule jikoni pipa lilikuwa mbali.

Samaki saba walipobaki, jike mmoja alitaga. Niliona kwa bahati, jua lilipokuwa linaingia kwenye tundu la ukuta. Walikimbizana, wakatetemeka ubavu kwa ubavu, na vitu vidogo kuliko mbegu za wimbi, vyangavu kama kioo, vikaanguka. Nikakimbia kumwita Kukhu. Tuliporudi wale wazazi walikuwa wanamalizia yai la mwisho.

"Wanakula watoto wao!" Kukhu akapiga kofi. "Hao si wageni. Hao ni wachawi."

Karani alisikia kelele, akaja na kikombe chake cha chai. "Bwana mkubwa wa uvuvi," akaniambia, "kama Mzungu na vitabu vyake alishindwa, wewe wa darasa la tano utafaulu na nini? Na kanga ya Kukhu?"

"Na macho," nikamjibu, lakini maneno yake yalinichoma.

Nilichukua nyuzi za katani, nikazichemsha, nikazichambua zikawa laini kama nywele, nikazijaza chini ya chupa. Mara ya pili mayai yalianguka katikati ya nyuzi, midomo ya wazazi haikuyafikia. Nikawatoa wazazi. Nilikaa nikitazama mayai yale kama mtu anayesubiri barua. Kesho yake yalikuwa meupe kama maziwa, na siku iliyofuata yameota nywele za ukungu. Nikarudia mara ya tatu, na maji mapya kabisa ya pipa. Yakawa meupe mapema zaidi. Katika majaribio hayo wengine watatu walikuwa wameelea, na sasa jike mkubwa naye akafa.

Sasa nilibaki na madume wawili na jike mmoja.

Hapo mambo yalibadilika ndani yangu. Mpaka siku ile ningeweza kuchukua shati langu na kuondoka, kama nilivyoondoka kwa fundi baiskeli na kwa wachoma matofali. Lakini wale niliwaacha kazi zao zikiendelea bila mimi. Jike huyu akifa, hakuna mtu mwingine Kakamega nzima ambaye angeendelea. Samaki wale wangekuwa wamevuka bahari waje kuishia kwenye chupa ya peremende mikononi mwangu. Karani alijua hivyo. Kila jioni akirudi kazini alibisha jikoni na kuuliza, "Mke wa waume wawili hajambo?"

Nilimhurumia jike nikaacha kumjaribu. Badala yake nikaenda msituni.

Sikuwa na shabaha. Niliingia tu kwa njia ya wakata kuni, nikafuata kijito kimoja kama nilivyofuata kile cha utotoni. Chini ya miti ile mikubwa kulikuwa na giza la mchana na ubaridi, na maji yalipita juu ya majani yaliyooza, tabaka juu ya tabaka. Nikapiga magoti. Kulikuwa na vidagaa wengi, wadogo kama uzi, wanajificha chini ya majani. Walikuwa watoto, mamia ya watoto. Nikachota maji kwa kiganja, nikashangaa. Niliyatarajia yawe meupe. Yalikuwa kahawia, rangi ya chai hafifu.

Nikakaa pale na kukumbuka neno la bwana misitu: samaki ya msitu. Nilikuwa nimelisikia kama unavyosikia mtu akitaja kabila lake. Sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa ananiambia wanataka nini.

Mvua ilinikuta njiani, ile mvua yetu ya mchana yenye mawe. Nilikimbia mpaka nyumbani nikajikinga chini ya ukingo wa paa la jiko. Maji yalikuwa yanatiririka kutoka nyasi, mbele ya pua yangu, yanaingia kwenye kile chungu kilichovunjika. Nilikuwa nimeoshea miguu yangu humo kila siku kwa miezi mitano. Nilitazama rangi yake nikacheka peke yangu mpaka Kukhu akatoa kichwa mlangoni.

"Nini? Umepigwa na mawe kichwani?"

"Kukhu, nataka maji ya miguu."

"Osha miguu basi, nani amekukataza?"

"Ya samaki."

Alitoka nje kabisa, mvua ikimpiga. "Wewe! Watu watasema nini? Mtu anakuja kwangu kutoka ng'ambo, namwekea maji ya bata?"

"Waliokunywa maji ya wageni wamekufa, Kukhu. Wamebaki watatu."

Alinitazama, akatazama mabati yake mapya yanavyopiga kelele kwenye mvua, akarudi ndani. Baada ya muda akarudi na kata, akakinga maji mwenyewe, yale ya kutiririka, si yale yaliyokwisha kuoshewa majembe. Hata katika kukosa adabu alitaka kuwe na adabu kidogo.

Nilimlisha jike viluwiluwi kwa siku kumi akiwa peke yake, tumbo likajaa. Nikasafisha chupa kwa maji yale ya kahawia, bila sabuni, bila jivu. Nikaweka katani mpya. Nikamtia jike, nikamtia dume mmoja, nikafunika kwa kanga, nikatoka nje kwa sababu sikuweza kutazama. Siku mbili hakuna kitu. Asubuhi ya tatu nilifunua nikamkuta jike amesinyaa tumbo, na ndani ya nyuzi vitone vya kioo, vingi, sikuweza kuvihesabu. Nikawatoa wazazi haraka.

Kesho yake vilikuwa bado kioo. Vichache vilikuwa vimegeuka vyeupe, labda kumi. Nikachukua kioo kidogo cha kukuzia vitu, nilichookota kwenye taka za bwana misitu, nikasogeza jicho. Ndani ya kila kitone kulikuwa na mkunjo, na katika mkunjo kitu kinadunda.

Nikamwita Kukhu, nikamshikia kioo. Alifumba jicho moja.

"Ni moyo?"

"Ni moyo."

"Uuwi," akasema polepole, kama mtu aliye kanisani. Halafu akapaza sauti, "Karani! Wewe karani wa tai! Kuja hapa uone!"

Karani alikuja na mguu mmoja una soksi. Aliangalia kwa muda. Nilimngojea aseme lake. Akasema tu, "Sogea kidogo, unaniziba mwanga," akaangalia tena. Alichelewa kazini siku ile.

Walianguliwa kesho yake, wakaning'inia kwenye kioo kama kope za macho. Kwa siku nne hawakufanya lolote. Siku ya tano wakaanza kuogelea, nami hofu ikanirudia upya, kwa kuwa viluwiluwi walikuwa wakubwa kuliko wao. Nilisaga kiini cha yai la kuku nikanyunyiza. Maji yakachafuka na Kukhu akanigombeza kwa yai. Nikaona wengine wanalala chini. Lakini wale walioelekea upande wenye nyasi chache zilizodondoka kutoka paani walikuwa na matumbo yaliyojaa. Niligeuza chupa kwenye mwale wa jua wa tundu la ukuta, nikaona maji yenyewe yamejaa vumbi linalotembea, vijidudu vidogo kuliko neno lolote ninalolijua. Paa la zamani lilikuwa linawatilia chakula. Nikaacha mayai ya kuku kwa wenyewe, nikaloweka nyasi kuukuu kwenye sufuria, na kila asubuhi nikawamiminia kijiko.

Baada ya mwezi mstari mwekundu ulitokea. Kwanza kwa mmoja, halafu watatu, halafu siku moja nilifunua kanga nikakuta chupa nzima imeshonwa nyuzi nyekundu. Niliwahesabu mara tatu: sitini na wanne. Nilitoka nje nikazunguka jiko mbio kama mwehu. Bata walikimbia.

Krismasi mwana wa Kukhu alikuja na viatu vyeusi, akauliza kwa nini jiko bado limesimama.

"Lina wapangaji," Kukhu akamwambia.

"Wapangaji gani, mama?"

"Wametoka ng'ambo. Hawapendangi mabati yako." Akampeleka akawaone. Kijana yule alichuchumaa pale na suti yake, akasahau jambo la kubomoa. Aliporudi Nairobi aliacha pesa za nyasi mpya za kuziba mahali palipovuja, na Kukhu alihakikisha fundi hakugusa upande wa chungu.

Siku hizi najua kidogo zaidi. Nadhani mabati mapya huacha kitu kwenye maji ambacho mtu hakisikii kwenye chai lakini samaki mdogo anakisikia, ingawa siwezi kuapa. Sikupata kulisoma mahali. Ninachojua ni kwamba nilirudia, nikapata tena, na mara ya tatu nikapata hata kwa watoto wa watoto.

Karani ndiye aliyeipeleka habari. Alimwambia mwalimu mmoja wa sayansi kutoka shule ya upande wa Mumias aliyekuja ofisini kuulizia vifaa ambavyo havikufika. Mwalimu alikuja mwenyewe mpaka jikoni, akainama chini ya mlango, akatazama mayai kwenye kioo changu kidogo. Halafu akasema, "Miaka yote nimewachorea wanafunzi picha ya yai ubaoni. Bwana, ungekuja kwetu uwaonyeshe moyo unavyopiga?"

"Mimi sikusoma, mwalimu."

"Sikuuliza hilo."

Tukakubaliana niende na samaki ishirini, nikae mpaka watage mbele ya darasa. Jike mzee nilitaka kumbeba awe kiongozi wa msafara. Kukhu aliweka mkono juu ya chupa. "Mzazi habebwi kwa baiskeli," akasema. "Huyu nitakaa naye." Sikubishana. Nilikuwa nimemfundisha kutengeneza maji ya nyasi, na alikuwa mwangalifu kunishinda.

Baiskeli alinipa karani. Alinifungia sanduku nyuma kwa mpira wa gurudumu, ndani yake chupa mbili zimezungushiwa majani makavu ya migomba, na katikati debe la maji ya kahawia. Alikagua mafundo yote, akavuta moja moja. "Ukiniangushia hao," akasema, "usirudi Kakamega."

"Na baiskeli je?"

"Baiskeli nitanunua nyingine."

Niliondoka umande ukiwa bado majanini. Kwenye miteremko nilishuka nikaisukuma, kwenye tambarare nilipanda, na kila kijiji nilisimama kufungua mifuniko ili wapate hewa, watu wakanizunguka. Saa tisa alasiri nilikuwa Mumias, nimejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Mwalimu alinielekeza kwa mama mmoja Mwislamu, mke wa fundi cherehani, aliyekuwa na chumba cha kukodisha karibu na msikiti.

"Salaam aleikum," nikasema mlangoni, nikijua tu kwamba ndivyo wanavyosema.

"Wa aleikum salaam. Ingia, baba. Hicho ulichobeba kinatikisika, ni nini?"

"Ni samaki, mama."

"Nipe nikupikie kabla hawajaharibika."

"Hawa si wa kuliwa. Wako hai."

Akafungua mfuniko. Nilipiga magoti pale sakafuni kando yake nikawahesabu, midomo yangu ikitikisika. Mmoja alikuwa amelala ubavu, nikagusa kioo, akanyooka akaondoka. Ishirini. Nikawahesabu tena kutoka upande mwingine. Ishirini.

Mama yule alitazama huku na huku chumbani. Mahali penye mwanga mzuri palikuwa pamoja tu, meza iliyo dirishani, na juu yake cherehani ya mumewe na kanzu iliyokatwa nusu. Akamwita mumewe kutoka uani.

"Baba watoto, njoo ushike upande ule. Tunahamisha."